Kipato cha wakili ni nini, na kwa nini hutofautiana sana

Kipato cha wakili ni kile kinachobaki mkononi mwake baada ya gharama za kazi kuondolewa. Si ada anayolipa mteja. Anayeiona ankara ya ofisi ya uwakili hudhani kwamba fedha yote inamwendea aliyesimama mahakamani, ilhali humo humo mna pango, mishahara ya makarani, bima ya taaluma na kodi ya serikali.

Ofisi nyingi kubwa hutoza kwa saa, na saa moja hugawanywa katika vipande 10 vya dakika 6, hivi kwamba simu ya dakika 4 huandikwa kama kipande kizima. Hata hivyo, wakili aliyeshinda ofisini kwa saa 10 huenda akaandika saa 6 au 7 tu, kwa sababu hakuna mteja anayelipia muda wa kusoma sheria mpya au kufuatilia madeni, na hata ankara iliyokwisha kutumwa huweza kupunguzwa, kucheleweshwa au kukataliwa.

Mwajiriwa, awe serikalini au katika kampuni, ana mshahara unaojulikana. Mbia, yaani mmoja wa wamiliki wa ofisi, hugawiwa faida, na mwaka ukiwa mbaya mgawo wake hupungua. Takwimu rasmi za Marekani za Mei 2023 zilionyesha kwamba nusu ya mawakili walioajiriwa walipata zaidi ya dola 145,760 kwa mwaka, huku asilimia 10 ya chini wakipata pungufu ya dola 69,760. Hesabu hiyo haiwagusi wanaojitegemea, ambao ndio kipato chao huyumba zaidi.

Uzoefu, jiji na ukubwa wa ofisi vina uzito wake, lakini kwa maoni yangu kinachoamua zaidi ni uwezo wa mteja. Anayesimamia muungano wa kampuni mbili na anayemtetea mshtakiwa maskini katika kesi ya mauaji wanaweza kuwa na elimu na bidii sawa. Malipo yao hayalingani hata kidogo, na jambo hilo linaumiza, kwani uhai wa mtu umo mikononi mwa huyo wa pili.

Katika madai ya fidia, baadhi ya nchi huruhusu ada inayotegemea ushindi, ambayo Marekani mara nyingi huwa karibu theluthi moja ya fidia. Wakili akishinda hulipwa kazi ya miaka kwa mkupuo mmoja. Akishindwa hapati ada yoyote, na mara nyingi gharama alizozitanguliza kwa ajili ya mashahidi wataalamu nazo hupotea.