Mshindi wa kwanza haipi nchi yake ubingwa wa timu peke yake

Wengi huamini kwamba katika mbio za nyika za dunia za vijana wa kiume, nchi ya kijana anayekata utepe ndiyo bingwa wa timu. Inaeleweka, maana kamera karibu zote huwa mbele.

Ubingwa wa timu huhesabiwa kwa nafasi. Kila nchi huingiza vijana wasiozidi sita, wote chini ya miaka 20, wakimbie takriban kilomita 8. Nafasi za wanne wake wa kwanza kufika hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Nchi yenye nafasi za 1, 9, 14 na 20 ina pointi 44. Yenye 3, 5, 6 na 8 ina 22, nayo inatwaa ubingwa. Ndiyo maana mimi humtazama sana yule wa nne, anayepigania nafasi moja tu kwenye tope wakati wenzake wameshamaliza. Jumla zikilingana, timu ambayo wa nne wake ametangulia ndiyo hushinda.

Ukitaka kuhakiki, chukua matokeo kamili ya miaka ya karibuni, jumlisha nafasi za wanne wa nchi moja, kisha linganisha na jedwali la timu.