Njia Ndefu ya Mombasa Inavyoficha Makosa ya Kutua

Kazi yangu ni kuwafundisha marubani binafsi wanaorusha ndege ndogo zenye injini moja hapa Mombasa, na kinachonitia wasiwasi kuliko yote si mvua wala mawingu, bali ni urefu wa njia kuu ya kurukia ndege katika Uwanja wa Moi. Njia hiyo ina mita 3,350, urefu unaofaa majeti makubwa. Cessna 172, mojawapo ya ndege hizo ndogo, ikija kwa mwendo unaostahili huhitaji sehemu ndogo tu ya lami hiyo. Kwa hiyo rubani anayekuja mbio kupita kiasi huelea juu ya njia, akaelea tena, kisha akagusa chini taratibu, na abiria wake wakamshukuru. Hakuna kilichovunjika, na kwa sababu hiyo hakuna alichojifunza. Kosa hilohilo akilibeba hadi Ukunda, ambako kiwanja ni kifupi zaidi kwa mbali, huko ndiko lami itakakomwishia.

Nalisema hili kwa kuwa lilinifika mimi mwenyewe nilipokuwa rubani mchanga. Nilitua Ukunda kwa mwendo niliozoea kuja nao Mombasa, nikasimama zikiwa zimebaki mita chache, breki zikinuka moto.

Cessna 172 iliyoteremsha flapu zote, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, hukaribia kutua kwa mwendo wa noti 60 hadi 70, yaani maili za baharini kwa saa. Mwanafunzi anayekuja na noti 75 badala ya 65 hudhani ameongeza kidogo tu, lakini nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, na hizo noti 10 zimeongeza nguvu hiyo kwa takriban theluthi nzima. Yote hiyo lazima imalizwe kabla ndege haijasimama, ama hewani kwa kuelea ama chini kwa breki.

Wanaoongeza mwendo hivyo wengi ni waangalifu, si wazembe. Wanaogopa bawa kuacha kubeba ndege karibu na ardhi, na hofu hiyo ina msingi. Nimeona pia sababu nyingine kwa wale waliojifunzia Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, na kipima mwendo kikisoma noti 65, ndege kwa hakika inakata hewa kwa takriban noti 72. Jicho la rubani huzoea kuona ardhi ikipita kwa kasi hiyo. Akija kwetu, ambako uwanja uko futi 200 hivi tu, kipimo kilekile humwonyesha ardhi inayokwenda polepole, naye bila kujijua husukuma nguvu za injini ili picha ifanane na ya nyumbani. Huyo mimi humwambia aamini kipima mwendo, kwa sababu bawa linajali shinikizo la hewa inayolipiga, na hilo ndilo kipimo kinalolisoma.

Mwendo wa ziada huzaa pia kudunda. Rubani hulazimisha magurudumu kugusa wakati bawa bado linabeba, ndege huruka juu tena, naye huisukuma pua chini kwa hofu. Gurudumu la mbele hupiga lami kwanza, mdundo wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza, na unaofuata ndio mara nyingi huvunja mguu wa mbele na kuikwaruza rafadha chini.

Halafu kuna kusi. Wakati wa kaskazi upepo huvuma karibu sambamba na njia ya 03, yaani njia kuu ikitumiwa kuelekea nyuzi 30 za dira, na mwanafunzi aliyeanza masomo Januari anaweza kumaliza majuma mengi bila kupambana na upepo wa ubavuni. Kusi ikishika, mambo hubadilika: upepo wa noti 20 kutoka nyuzi 170 humpiga anayetua njia ya 21, yaani lami hiyohiyo akielekea upande wa pili, nyuzi 210, kwa takriban noti 13 kutoka kushoto, na kiwango kilichothibitishwa katika majaribio ya Cessna 172 ni noti 15. Anayeuzunguka uwanja kwa kona za kushoto kabla ya kutua husukumwa na upepo huo kabla ya kona ya mwisho, akaupita mstari wa njia, kisha akalaza ndege sana ili aurudie. Kuilaza nyuzi 45 huku akishikilia kimo huongeza kwa asilimia 19 mwendo ambao chini yake bawa haliwezi kubeba, na pale hana kimo cha kujiokoa.

Ndege itakuja upande kama kaa, na hilo si kosa. Kosa ni kuiacha iguse chini ikiwa bado imekaa upande, au kulegeza usukani mara tu gurudumu la kushoto linapogusa. Bawa la upande wa upepo lishikiliwe chini hadi ndege ipunguze mwendo kabisa. Mnara wa kuongozea ndege ukiruhusu, njia ya 15, ile fupi ya pili ya uwanja huu, hupunguza sana upepo wa ubavuni, ingawa ina takriban mita 1,260 tu na haimsamehe anayekuja mbio.

Ndiyo maana wanafunzi wangu hutua Mombasa kana kwamba njia yote ni fupi. Tunachagua alama nyeupe kwenye lami, na magurudumu yakiipita mita 200 bila kugusa, nasema "ghairi", hata kama mbele kumebaki kilomita mbili. Mwanafunzi husukuma nguvu zote, huishika pua isipande ovyo, hukanyaga pedali ya kulia kwa sababu rafadha inaivuta ndege kushoto, kisha hupandisha flapu kwa hatua, si zote kwa mkupuo. Zamu za kwanza mikono yao husita, wakiitazama lami yote ile iliyobaki. Kufikia safari ya 5 au ya 6, wengi hughairi kabla sijatamka neno, na hapo ndipo ninapokubali kuwapeleka Ukunda.