Je, wajua? Stalin alitawala akiwa kwenye meza ya katibu

Miaka mingi nilikuwa nasema, tena kwa sauti, kwamba Stalin aliitwaa Urusi kwa jeshi mara tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mapinduzi ya 1917. Siku moja nikalisema barazani Ngamiani, hapa Tanga, kashata mkononi. Mzee mmoja, karani mstaafu, akatua kikombe chake. "Mwanangu, jeshi lilikuwa la nani?"

Nikanyamaza. Jeshi Jekundu, jeshi la wanamapinduzi, alilijenga Trotsky, mpinzani wa Stalin, na alibaki kamishna wa vita hadi Januari 1925. Ingekuwa ni bunduki, angeshinda yeye.

Kosa hilo lina pacha wake: eti Lenin, kiongozi wa mapinduzi yale, alimrithisha. Wapi! Mapema Januari 1923, akiwa mgonjwa, Lenin aliamuru iandikwe kwamba Stalin ni mkorofi mno, itafutwe njia ya kumtoa kwenye ukatibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti. Wajumbe wa mkutano mkuu wa chama walisomewa waraka huo Mei 1924, Lenin keshafariki. Zinoviev na Kamenev, wakubwa wenzake chamani, wakamtetea Stalin, maana waliyekuwa wakimwogopa ni Trotsky. Wote wawili walikuja kupigwa risasi mwaka 1936. Na la kustaajabisha zaidi: Stalin hakuwa mkuu wa serikali hadi Mei 1941. Miaka yote ile watu wanatetemeka, cheo chake kikubwa kilikuwa cha chama.

Ukatibu Mkuu alipewa Aprili 1922, na wakubwa wenzake waliuona kazi ya makaratasi. Hapo mzee akanipigia mfano wa chama cha ushirika. Tuseme kina matawi Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto. Katibu wa makao makuu, mjini Tanga, ndiye anayempangia mtu kwenda kuwa katibu wa Muheza. Huyo wa Muheza, aliyepewa meza na nyumba, ndiye anayeandaa orodha ya wajumbe wa mkutano mkuu. Mkutano mkuu unachagua kamati. Kamati inamchagua nani? Katibu. Hapo hata kura haijaibwa. Msemaji hodari akisimama jukwaani, anakuta ukumbi mzima unamtazama katibu kwanza kabla ya kupiga makofi.

"Haya, una malalamiko," mzee akasema, "barua unamwandikia nani?"

Katibu, bila shaka. Ukijikusanya na wenzako watatu mlalamike pamoja, mmeshakuwa kundi, na makundi ndani ya chama cha akina Stalin yalipigwa marufuku na mkutano mkuu wa Machi 1921, kwa hoja ya Lenin mwenyewe.

Tusiipe orodha sifa zote, lakini. Wapo wanahistoria wanaokumbusha kwamba wanachama wengi, waliochoshwa na vita, waliikubali kweli hoja ya Stalin ya kujenga ujamaa katika nchi moja. Na Trotsky alikuwa na maringo yaliyowachosha hata waliokuwa upande wake. Alifukuzwa chamani Novemba 1927, na nchini Februari 1929.

Halafu orodha ikawageukia wenyewe. Mkutano mkuu wa 1934 ulichagua wajumbe 139 wa Kamati Kuu, wa kudumu na wa akiba. Mwaka 1956 Khrushchev, aliyekiongoza chama baada ya Stalin, aliwasomea wanachama hesabu yao: 98 kati yao walikamatwa na kupigwa risasi.