Picha za Ubongo wa Watoto Waliokumbana na Sumu za Mazingira: Maana na Mipaka Yake

Upigaji picha za ubongo kwa watoto waliokumbana na sumu za mazingira ni njia ya utafiti ambayo kwayo wataalamu hutazama umbo, ukubwa na utendaji wa ubongo wa mtoto akiwa hai, kisha hulinganisha yale wanayoyaona na kiasi cha sumu kilichopimwa katika mwili wake, au katika mwili wa mama yake wakati wa ujauzito. Sumu zinazochunguzwa zaidi ni madini ya risasi, zebaki, baadhi ya viuatilifu, na moshi wa magari. Dhana hii basi imesimama juu ya vitu viwili, picha na kipimo cha sumu, na hicho cha pili ndicho husahaulika. Picha peke yake haionyeshi sumu. Daktari akitazama picha ya mtoto ambaye damu yake ina risasi ya kiasi cha wastani, kwa kawaida ataona ubongo usio na kasoro yoyote.

Chombo kinachotumika zaidi ni MRI, ambacho wakazi wengi wa Dar es Salaam wanakijua kwa jina hilohilo kutokana na rufaa za kwenda Muhimbili. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, wala hakina mionzi kama ile ya eksirei, na kwa sababu hiyo watafiti wanaweza kumpiga picha hata mtoto asiyeumwa. Picha za umbo hupima unene wa gamba la ubongo na wingi wa tishu ya kijivu, ambamo mna miili ya seli za neva. Nyingine hufuata mwendo wa maji ndani ya tishu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Na zipo zinazofuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu wakati mtoto anapotazama picha au kujibu maswali. Zote zinamtaka mtoto atulie kabisa ndani ya mashine yenye kelele kubwa, jambo ambalo kwa mtoto mdogo ni gumu, na picha nyingi hutupwa kwa sababu ya kutikisika tu.

Kwa nini watoto? Risasi inatoa jibu lililo wazi zaidi. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu ya risasi aliyoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Mwili huichukulia risasi kana kwamba ni kalsiamu, hivyo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, huingia katika ubongo, na kuvuruga mawasiliano ya seli za neva wakati ambapo miunganiko yao inajengwa na ile isiyohitajika inapunguzwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kuamua, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20, na hapo ndipo watafiti wengi hutazama kwanza.

Mfano mzuri ni wa mji wa Cincinnati, Marekani, ambako watoto waliozaliwa kati ya 1979 na 1984 walipimwa risasi katika damu mara kwa mara tangu utotoni. Walipofikia umri wa miaka 19 hadi 24, watu 157 kati yao walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: kadiri wastani wa risasi ya utotoni ulivyokuwa mkubwa, ndivyo tishu ya kijivu ilivyokuwa pungufu katika baadhi ya maeneo, hasa sehemu ya mbele, na zaidi kwa wanaume. Maeneo hayo yalikuwa takriban asilimia 1.2 ya tishu yote ya kijivu. Ni kidogo kwa hesabu, lakini kipo mahali ambapo mtu hupatia uwezo wa kujizuia. Utafiti mwingine, wa New York mwaka 2012, uliwalinganisha watoto 20 waliokumbana kwa wingi na kiuatilifu cha klopairifosi wakiwa tumboni na wengine 20 waliokumbana nacho kwa uchache, ukakuta tofauti katika umbo la gamba la ubongo. Watoto 40 ni wachache, na matokeo ya namna hiyo yanapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Nguvu ya tafiti hizi inatokana na ulinganishi wa watu wengi, na udhaifu wake unatoka hapohapo. Ubongo wa watoto wenye afya hutofautiana sana kwa ukubwa na umbo, kwa hiyo upungufu unaoonekana katika wastani wa kundi hauwezi kusomwa kwenye picha ya mtoto mmoja. Isitoshe, sumu huwa nyingi pale ambapo pia lishe ni duni, nyumba zimebanana na shule ni mbali. Mtafiti makini huyaweka mambo hayo katika hesabu zake, ingawa hawezi kuyaondoa yote. Mtu aliyekulia Kariakoo kabla ya petroli yenye risasi kuondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na ambaye damu yake haikupimwa alipokuwa mtoto, hawezi kuambiwa na picha ya ubongo ya leo ni kiasi gani cha risasi alichovuta.

Jambo hili lina uzito kwa mzazi wa Dar es Salaam anayeishi jirani na mafundi wanaovunja betri kuukuu za magari, au ambaye mtoto wake hucheza penye rangi ya zamani inayobanduka ukutani. Hofu yake ni ya haki kabisa, lakini naona si sawa ajikamue kulipia MRI akitafuta risasi. Kipimo anachokihitaji ni cha damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri kwamba damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa kila desilita, chanzo kitafutwe na mtoto aepushwe nacho. Damu iliyochukuliwa kidoleni ikionyesha kiwango cha juu hurudiwa kwa damu ya mshipani, kwa kuwa vumbi la risasi kwenye ngozi linaweza kupotosha majibu. MRI huagizwa pale mtoto anapokuwa na degedege, kupoteza fahamu au dalili nyingine zinazomfanya daktari ahofie uvimbe au ugonjwa mwingine ndani ya ubongo.