Je, wajua kwa nini pikapu hunywa dizeli zaidi ikivuta tela, na ipi inafaa njia za Tabora na Kigoma?

Pikapu ya dabo kebini inayotumia lita 9 kwa kilomita 100 ikiwa peke yake, ifungie tela la kambi nyuma, utoke Tabora kuelekea Kigoma. Kabla hujafika Kaliua mshale wa mafuta utakuwa umeshuka kuliko ulivyozoea. Wengi hulaumu injini, wengine hulaumu uzito wa tela. Uzito una sehemu yake, lakini kwenye lami tambarare mlaji mkubwa ni upepo.

Tupige hesabu. Chukua tela la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Ili matairi yake yabingirike kwenye lami nzuri zinahitajika newtoni (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 220 hivi. Kama tela hilo ni la boksi, limepanda juu ya paa la kebini na kutokeza pembeni, hewa inalizuia kwa newtoni nyingine zinazokaribia 390. Jumla ni kama newtoni 600, na kwa kilomita 100 hiyo ni kazi ya megajouli (kipimo cha nishati) 60. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajouli 36 hivi, ila injini nzuri hugeuza theluthi tu kuwa mwendo, yaani megajouli 12. Nyingine zote huishia kwenye rejeta na ekzosi. Gawanya 60 kwa 12 upate lita 5. Ndizo hizo tela linazoongeza kila kilomita 100: zile lita 9 zimekuwa 14.

Sasa kanyaga mafuta ufike kilomita 100 kwa saa. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo umepanda kwa asilimia 56. Tela lilelile sasa linadai karibu lita 7 badala ya 5, na hapo hatujahesabu ambacho gari lenyewe limeongeza. Upande wa pili, tela la hema la kukunja, ambalo likifungwa hulala chini ya usawa wa paa la kebini, huongeza kama lita 3 tu kwa mwendo wa 80. Tofauti kati ya tela lililopanda juu ya paa na tela lililolala chini ni kubwa kuliko tofauti utakayoipata ukihama kutoka pikapu ya kampuni moja kwenda nyingine ya rika lake. Ndiyo maana ushauri wetu huanzia hapo: chagua tela kwanza, lipime likiwa limejaa, halafu ndipo utafute gari.

Mlima, ambao watu huuogopa zaidi, hauli mafuta kama wanavyodhani. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Kuliinua tela la kilo 1,500 kwa tofauti hiyo ya mita 430 kunahitaji megajouli 6.3, yaani nusu lita ya dizeli. Mlima unakula klachi na kuchemsha injini ukipanda, na ukishuka unaunguza breki. Huko ndiko gharama yake iliko.

Mchanga nao ni habari nyingine kabisa. Ukiacha lami ukaingia njia za misituni za Sikonge au Urambo wakati wa kiangazi, ukinzani wa matairi kubingirika hupanda mara sita au zaidi. Tela peke yake linaweza kutaka lita 12 kwa kilomita 100, na pikapu iliyo mbele yake inazama kwenye mchanga huohuo. Dawa yake ni upepo wa matairi. Shusha hadi psi 18 au 20, gari na tela pia (wengi husahau tela), usizidishe kilomita 40 kwa saa, na uwe na pampu ya kujazia kabla ya kurudi lami. Tairi lililoshushwa upepo likikimbizwa kwenye lami huchemka ukutani na kupasuka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Malagarasi, kushusha upepo hakusaidii sana mvua ikishanyesha. Tope hujaza meno ya tairi likawa laini kotekote, na tela linakuwa nanga. Ngoja njia ikauke.

Injini ipi, basi?

Kuvuta tela kunataka nguvu ya kuzungusha inayopatikana injini ikiwa chini, kati ya mizunguko 1,600 na 2,400 kwa dakika. Injini ya petroli ya pikapu hutoa nguvu yake kubwa karibu na mizunguko 4,000, kwa hiyo ukiwa na tela utaishi kwenye gia ndogo injini ikilia. Kwa kazi hii tuiache.

Kwenye dizeli kuna makundi mawili, na ubishi wa mafundi karibu wote unahusu haya. Kundi la kwanza ni injini za zamani zisizo na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), na mfano unaofahamika zaidi ni 1HZ ya Land Cruiser: silinda sita, lita 4.2, pampu ya mafuta ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Kundi la pili ni injini ndogo zenye turbo na noseli (vipulizia mafuta) zinazoendeshwa kwa umeme, kama 2GD ya lita 2.4 na 1GD ya lita 2.8 kwenye Hilux, 4JJ1 ya lita 3.0 kwenye Isuzu D-Max, na zile za lita 2.2 na 3.2 kwenye Ford Ranger.

Kwa maandishi, 1HZ hutoa nguvu ya kuzungusha ya newtonimita (Nm) 285. Lakini injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Tabora inabaki na Nm 250 hivi. Turbo hulazimisha hewa iingie, kwa hiyo ile ndogo ya lita 2.4 yenye gia boksi ya otomatiki bado inakaribia Nm 400 zake palepale. Hii ndiyo sababu injini yenye ujazo unaokaribia nusu ya nyingine inaweza kuvuta vizuri zaidi kwa mafuta machache zaidi. Bila tela, Land Cruiser ya 1HZ hutumia lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100; Hilux ya 2.4 hutumia 8 hadi 9.

Mbona basi 1HZ haijafa? Kwa sababu ya dizeli ya kwenye madumu. Noseli za injini mpya zina matundu yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na mafuta hupita humo kwa mgandamizo unaozidi baa 1,600. Tone la maji au vumbi lililoingia kwenye dumu la kijijini hukwaruza pampu, chembe za chuma zinasambaa kwenye mfumo mzima, na hapo hubadilishi noseli moja bali zote pamoja na pampu na bomba lake. Pampu ya 1HZ huvumilia mengi, na fundi wa Kasulu au Mpanda anaweza kuifungua bila kompyuta. Anayekaa porini miezi mitatu kwa mfululizo akitegemea madumu, achukue Land Cruiser na akubali gharama ya mafuta. Anayejaza vituo vya mjini na kwenda kambini siku tano au kumi, ambao ndio wengi, achukue turbo ya lita 2.4 hadi 3.0, abadilishe filta ya dizeli kila kilomita 10,000, na amwage maji kwenye kitenganishi kila baada ya safari.

Jihadhari na pikapu mitumba zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya au Japani miaka ya karibuni. Nyingi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na tanki dogo la urea, kimiminika cha kusafishia moshi. Kichujio hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa moto. Ukizunguka mjini tu kinaziba, na kompyuta inapunguza nguvu ya injini. Urea nayo uliza utaipata wapi kabla ya kulipa.

Uzito ndio unaoamua

Tela la kambi tupu la kilo 600 haliendi porini likiwa tupu. Weka lita 120 za maji, mtungi wa gesi wa kilo 15 ambao ukijaa hufika kilo 30, betri, friji, majiko, hema, chakula, tairi la akiba, na unazivuka kilo 1,000 bila kujua. Mpaka wa kwanza wa kukumbuka ni kilo 750: tela lililozidi hapo likiwa limepakiwa lazima liwe na breki zake. Tela la kilo 1,200 lisilo na breki, likifuata pikapu ya kilo 2,200, huongeza joto linalomezwa na breki za gari kwa zaidi ya nusu kila unaposimama. Ukiteremka milima ya Manyovu kuja Kigoma, breki hizo zitaanza kunuka na pedali italegea. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza.

Karatasi za Hilux, Ranger na D-Max mpya huandika uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500. Namba hiyo ni ya tela lenye breki kwenye barabara njema. Kwa njia za vumbi tunashauri tela lililopakiwa lisizidi kilo 1,500 kwa pikapu hizo, na lisizidi kamwe uzito wa gari lenyewe, maana hapo ndipo tela linapoanza kuamua gari liende wapi. Chini ya kilo 1,000, ile ya lita 2.4 au 2.2 inatosha kabisa na ndiyo ya bei nafuu kuiendesha. Kati ya 1,000 na 1,500, lita 2.8 au 3.0 itafanya kazi bila kujikamua.

Mzigo unaobanwa na shingo ya tela kwenye gari uwe asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa tela. Kwa tela la kilo 1,200, lenga kilo 100 hivi. Mizani ya kupimia mazao inatosha: simamisha tela kwenye ardhi sawa, weka kipande cha mbao kati ya shingo na mizani, usome. Shingo ikiwa nyepesi mno, mzigo umeegemea nyuma, na tela litaanza kuyumba kulia na kushoto kila lori linapokupita. Likiyumba, achia mafuta taratibu na ushike usukani sawasawa. Ukikanyaga breki za gari ghafla utalikunja. Shingo ikiwa nzito mno, gari linainua pua. Kilo 100 nyuma ya pikapu tayari zinaondoa karibu kilo 40 kwenye matairi ya mbele, na hayo ndiyo yanayokata kona.

Matairi ya tela yanaua safari nyingi kuliko injini. Tairi la gari dogo lenye alama ya uzito 88 limeidhinishwa kubeba kilo 560, kwa hiyo mawili ni kilo 1,120, pungufu ya tela lililojaa. Tafuta tairi la saizi ya 185R14C lenye alama 102: kila moja hubeba kilo 850 likijazwa psi 65. Beringi za tela nazo zifunguliwe na kutiwa grisi mpya kila baada ya kuvuka maji. Njia yenye vituta vilivyopangana kama bati hulegeza yubolti za springi. Zikilegea, senta bolti hukatika na ekseli inahama. Kaza yubolti na nati za magurudumu baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila jioni.

Ukiwa na otomatiki, zuia gia ya juu kabisa unapovuta. Gia boksi inayopanda na kushuka kila dakika huchemsha oili yake, na oili iliyochemka hugeuka kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua. Ukiwa na manyuo, tumia four low (gia nzito ya magurudumu yote manne) kutoka kwenye mchanga badala ya kuichezesha klachi. Usiweke matairi makubwa kuliko ya kiwandani; unarefusha kila gia, na injini inahitaji mafuta zaidi ili kung'oka.

Siku ya kukagua pikapu iliyotumika, fika injini ikiwa baridi. Moshi mweupe unaodumu baada ya kuwaka huashiria noseli. Kwenye Hilux zenye injini ya 1KD ya lita 3.0, uliza kama washa (pete) za kopa chini ya noseli zimewahi kubadilishwa, kwani zikivuja masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu. Kwenye Ranger za 2.2 na 3.2, hakikisha anayeihudumia anajua kwamba oili ikimwagwa injini isikae tupu zaidi ya dakika 10, la sivyo pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta. Kisha lala chini utazame chesisi pale chuma cha kuvutia kilipofungwa. Nyufa ndogo kandokando ya bolti, au rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu, ni dalili kwamba gari hilo limeshavuta mizigo iliyozidi uwezo wake.