Elektroni za Valensi ni Nini?

Elektroni za valensi ni zile elektroni zinazohusika atomu inapoungana na atomu nyingine, na katika elementi nyingi huwa ni elektroni za ganda la nje kabisa. Maganda hayo, yaani ngazi ambamo elektroni hukaa, hukizunguka kiini cha atomu, na kila moja lina kikomo chake: la kwanza huchukua elektroni 2, la pili 8, na la tatu, ingawa lina uwezo wa kuchukua 18, hutulia kwanza likifikisha 8, kiasi kwamba potasiamu yenye elektroni 19 huiweka ile ya mwisho katika ganda la nne.

Sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8, 1. Hiyo moja ya mwisho ndiyo inayoipa tabia yake ya kikemia, na tofauti yake na zile za ndani hupimika. Kuing'oa katika atomu zote za moli moja (kipimo cha wanakemia cha idadi maalumu, kubwa mno, ya atomu) ya sodiamu iliyo katika hali ya gesi kunahitaji nishati ya kilojuli 496 hivi, ilhali kung'oa elektroni ya pili, ambayo sasa ni lazima itoke katika ganda lililo karibu zaidi na kiini, kunahitaji takriban kilojuli 4,562. Ndiyo sababu sodiamu hutoa elektroni moja na kuishia hapo.

Klorini, yenye elektroni 17, imebakiza nafasi moja tu ganda lake la nje lifikishe 8. Zikikutana, elektroni ya sodiamu huhamia kwa klorini, na metali laini inayokatika kwa kisu, pamoja na gesi ya sumu yenye rangi ya kijani-njano, huwa chumvi ya mezani. Maelezo ya kwamba sodiamu "hupenda" kutoa elektroni husaidia kukumbuka, lakini hayaelezi kilichotokea: klorini ikiipokea elektroni hiyo hurudisha kilojuli 349 tu kwa moli, kwa hiyo uhamisho huo peke yake ni wa hasara. Kinachofidia pengo ni mvutano mkubwa kati ya ayoni, yaani atomu zenye chaji baada ya kutoa au kupokea elektroni: zile chanya za sodiamu na zile hasi za klorini zinapojipanga katika fuwele ya chumvi.

Kaboni ina elektroni za valensi 4. Kuzitoa zote kungegharimu nishati nyingi mno, basi huzishiriki na majirani, kama ilivyo kwa atomu nne za hidrojeni katika gesi ya methani. Neoni ina 8 na kwa kawaida haiungani na chochote. Heliamu hutosheka na 2, kwa kuwa ganda lake pekee limejaa.

Kanuni ya kuhesabu ganda la nje tu hulegea kwa metali za mpito, yaani zile za katikati ya jedwali la elementi. Chuma kina elektroni 26, zilizopangwa 2, 8, 14, 2, na mtu angetarajia kitoe zile 2 za nje; hata hivyo katika kutu kimetoa 3, ya tatu ikitoka katika ganda la tatu, na kwa sababu hiyo baadhi ya elektroni za ganda hilo nazo huhesabiwa kuwa za valensi.