Muhogo haulaani shamba

Wakulima wengi husema muhogo "unachosha ardhi", na wengine huongeza kwamba hautaki mbolea. Dai la kwanza lina ukweli nusu. La pili halina.

Muhogo huvumilia udongo hafifu kwa sababu mizizi yake hushirikiana na kuvu wanaousaidia kufyonza kirutubisho cha fosforasi. Kuvumilia si kushiba. Mavuno yanapotoka, potasiamu nyingi, kirutubisho kingine, huondoka nayo, na isiporudishwa miaka kadhaa mfululizo, mihogo huwa myembamba. Naitrojeni nyingi, kirutubisho cha tatu, imo kwenye majani na mashina, kwa hiyo anayeyabeba yote kwa ajili ya kuni na mifugo ndiye anayechosha shamba, si mmea. Hata hivyo usimwage naitrojeni kupita kiasi: utavuna majani.

Muda wa kupanda nao hubebeshwa lawama kidogo mno. Pingili, yaani vipande vya shina, zikipandwa mvua zinapoanza, majani hufunika ardhi mapema. Ukichelewa, ukame huukuta mmea ukiwa mchanga. Na kwa kuwa muhogo huchukua takriban miezi mitatu kufunga mwavuli, yaani majani kukutana na kuifunika ardhi, kwenye mteremko ni mvua za kipindi hicho zinazokomba udongo wa juu, pamoja na mbolea uliyonunua.